Mshipa, Fahamu na Neva: Historia ya Kuutaja Mfumo wa Neva kwa Kiswahili, kwa Mtazamo wa Visiwa vya Bajuni na Pwani ya Kismayo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kuutaja mfumo wa neva wa binadamu, kuanzia mshipa na milango ya fahamu hadi istilahi neva. Inajenga hoja kwamba wasemaji wa pwani waliujua mfumo huu kwanza kwa kazi zake na kwa hitilafu zake, na kwamba majina ya maumbile yake yalikuja baadaye kupitia usanifishaji ambao uliwaacha nje Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake, kwa sababu ya mpaka wa kikoloni uliohamishwa mwaka 1925. Kwa kutumia mifano ya sumu ya bunju, pepopunda na polio, makala inaonyesha kwamba istilahi iliyoenea ya mishipa ya fahamu inaeleza nusu tu ya kazi za mfumo huu, na kwamba nusu iliyosahauliwa ndiyo inayotafutwa na wahudumu wa afya wanaofuatilia kupooza kwa watoto. Kwa kuwa Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makala inapendekeza namna ya kuzipima istilahi hizi upya pamoja na wasemaji wa Kibajuni.

1.0 Utangulizi

Kutoka Kismayo kuelekea kusini hadi Ras Kiamboni, msururu wa visiwa vidogo umesimama sambamba na pwani ya Somalia. Koyama, Chovai, Chula na Fuma ni baadhi ya majina yake. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia ambao lahaja yao, Kibajuni au Kitikuu, inaendelea kusini hadi visiwa vya Lamu nchini Kenya. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wanaiweka lahaja hii katika kundi la kaskazini pamoja na Kiamu, Kipate, Kisiu na Chimiini cha Barawa.

Uhusiano wa visiwa hivi na mfumo wa neva waweza kuonekana wa mbali. Hata hivyo, mgonjwa wa Fuma anapoeleza kwamba mguu umekufa ganzi, au mama anapoeleza kwamba mtoto amelegea ghafla, maneno yao ndiyo kipimo cha kwanza cha mfumo huo. Hakuna chombo kinachotangulia swali na jibu. Iwapo anayeuliza na anayejibu wanatumia Kiswahili cha namna mbili, kipimo hicho kinaweza kupotoka kabla mgonjwa hajaguswa. Historia ya maneno hayo, kwa hiyo, ni sehemu ya historia ya tiba.

2.0 Mfumo wa neva na mpangilio wake

Mfumo wa neva una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni mfumo mkuu, yaani ubongo uliohifadhiwa ndani ya fuvu, na ugwe wa mgongo unaopita katika mfereji wa pingili za uti wa mgongo. Ya pili ni mfumo wa pembezoni, yaani jozi 12 za neva za kichwa na jozi 31 za neva za mgongo, pamoja na matawi yake yanayofika kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani. Ubongo nao una migawanyo yake. Sehemu kubwa ya juu inahusika na fikra, lugha, kumbukumbu na mwendo wa hiari. Ubongo mdogo wa nyuma unasawazisha miondoko. Shina la ubongo linasimamia pumzi na mapigo ya moyo.

Kwa upande wa kazi, neva hugawanyika kwa njia nyingine. Neva za hisi huleta habari kutoka pembezoni kwenda kati. Neva za mwendo hupeleka amri kutoka kati kwenda kwenye misuli. Zipo pia neva zinazojiendesha, ambazo bila hiari ya mtu huongeza au hupunguza mapigo ya moyo, huchochea usagaji wa chakula, hutoa jasho na hupanua mboni. Mvuvi akikanyaga mwiba wa taa majini, mguu huinuka kabla hajatambua kilichomchoma. Habari imefika kwenye ugwe wa mgongo, na amri imerudi kutoka hapohapo. Ubongo umepata taarifa baadaye kidogo, kwa njia ya maumivu. Tukio hili dogo lina sehemu zote tatu: hisi, mwendo na utambuzi. Sehemu hizo zinafanya kazi pamoja, lakini kila moja yaweza kuharibika peke yake. Jambo hili litarejewa.

Mfumo mzima umejengwa kwa seli ziitwazo nyuroni. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 yanaweka idadi yake katika ubongo wa binadamu kuwa takribani bilioni 86. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyesha kwamba kila seli inasimama peke yake. Mwaka 1906 aligawana Tuzo ya Nobel na Camillo Golgi wa Italia, aliyeamini kwamba seli hizo zimeungana kama wavu mmoja. Mahali ambapo seli moja huikabidhi nyingine ujumbe palipewa jina la sinapsi na Charles Sherrington mwaka 1897. Kuhusu ujumbe wenyewe, Hermann von Helmholtz aliupima mwendo wake mwaka 1850 katika neva ya chura na kuthibitisha kwamba una kasi inayopimika. Katika neva za binadamu zilizo na kasi zaidi, ujumbe hupita mita 100 kwa sekunde.

Namna ujumbe huo unavyosafiri ilielezwa na Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952 kwa kutumia neva ya ngisi, ambayo unene wake waweza kufikia milimita moja. Katika ukuta wa neva mna vilango vidogo sana. Vikifunguka, chembe za sodiamu huingia ndani, kisha chembe za potasiamu hutoka, na badiliko hilo la umeme hupokezana kutoka hatua hadi hatua mpaka mwisho wa neva. Ngisi, mnyama ambaye wavuvi wa pwani hii wamemjua siku zote kwa chambo na kitoweo, ndiye aliyeifungulia sayansi mlango wa neva.

3.0 Mwili katika msamiati wa pwani: kazi na hitilafu

Msamiati wa Kiswahili kuhusu mambo haya, kabla ya istilahi za kisasa, ulipangwa kwa misingi miwili: kazi za mwili na hitilafu zake.

Kwa upande wa kazi, lugha ilikuwa na taswira kamili ya milango ya fahamu. Mwili ni nyumba. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango mitano ambayo habari za nje hupitia hadi kwa mwenye nyumba. Maneno fahamu, akili na hisi yalitoka katika Kiarabu, lugha ya elimu ya pwani kwa karne nyingi. Yalikuta maneno ya Kibantu yaliyokwisha kuwapo. Ubongo ni neno la asili, na moyo ulikuwa tayari kiti cha nia, hofu na huzuni. Kitenzi kusikia kilibeba mzigo mpana zaidi ya kazi ya sikio. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu na husikia harufu. Kwa kitenzi kimoja lugha ilikusanya kila habari inayoingia mwilini, na huko ni kuikaribia sana dhana ya neva za hisi.

Kwa upande wa hitilafu, msamiati ulikuwa tajiri zaidi. Ganzi ni kupotea kwa hisi. Kupooza ni kupotea kwa nguvu au mwendo. Kiharusi ni kuangushwa upande mmoja wa mwili, jambo ambalo tiba inalieleza kuwa ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo. Kifafa ni kuanguka na kutetemeka kunakojirudia. Pepopunda ni kukakamaa kwa mwili mzima, taya zikiwa zimefumba. Degedege ni mitukutiko ya mtoto mwenye homa. Kuzimia ni kuondokewa na fahamu kwa muda. Kila neno linataja dalili inayoonekana kwa macho au inayosimuliwa na mgonjwa, na kwa jumla maneno haya yanazitenganisha dalili ambazo daktari wa neva hujifunza kuzitenganisha.

Kutaja dalili kuna gharama yake pia. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliona degedege kuwa ugonjwa tofauti na malaria, wenye chanzo kingine na mganga mwingine, ingawa kitabibu malaria kali ni miongoni mwa visababishi vyake. Jina la dalili lilikuwa limechora njia ya kwenda kwa mganga kabla ya njia ya kwenda hospitali. Hata hivyo, kampeni za afya zilizofanikiwa hazikulifuta neno degedege. Zililipokea, kisha zikaliunganisha na homa na malaria.

4.0 Mshipa na ndugu zake ulimwenguni

Kilichokosekana katika msamiati huu ni jina mahususi la neva kama kiungo. Mahali pake palikaliwa na mshipa. Kamusi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zililipa neno hili maana nyingi: njia ya damu, neva, na hata maradhi ya kinena na korodani ambayo hadi leo huitwa mshipa. Msomaji wa leo anaweza kuuona wingi huu kuwa ni uhaba wa elimu. Historia ya lugha nyingine inamzuia kufikia uamuzi huo.

Neno la Kigiriki neuron, lililozaa majina ya neva katika lugha nyingi za Ulaya, kwanza lilimaanisha kano au uzi wa upinde. Tofauti kati ya neva, kano na mishipa ya damu ilidhihirika Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, pale Herophilus na Erasistratus walipopasua maiti za binadamu. Hata baada ya hapo neno la zamani lilibaki, likapewa maana mpya. Kilatini nervus lina historia hiyohiyo. Katika Kiarabu, asab ni neva na pia ni kano, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilitumia katika mpango wa anatomia uliofundishwa kwa karne kadhaa, Mashariki na Ulaya. Lugha zote hizi zilianza na kamba inayoonekana mwilini, kisha zikagawanya maana kadiri upasuaji ulivyogawanya kamba zenyewe. Kiswahili nacho kilikuwa na kamba zake, yaani kano na mshipa. Tofauti ni kwamba mgawanyo wa maana haukufanywa na wapasuaji wanaosema Kiswahili. Uliletwa na lugha nyingine ukiwa umekamilika.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Japani. Mwaka 1774 Sugita Genpaku na wenzake walichapisha tafsiri ya kitabu cha anatomia kutoka Kiholanzi. Walipofika kwenye neva hawakupata neno, wakaunda moja, shinkei, kwa kuunganisha dhana ya roho au nguvu hai na dhana ya njia zipitazo mwilini. Istilahi hiyo ilienea hadi China na ingali ikitumika. Muundo wake unalingana na mishipa ya fahamu: njia kwa upande mmoja, uwezo wa nafsi kwa upande wa pili. Watafsiri wa Kiswahili na wale wa Kijapani, bila kujuana, walitatua tatizo moja kwa njia moja.

Kwa mvuvi, taswira hiyo ina msingi wa ziada. Neno mshipi, linalotenganishwa na mshipa kwa irabu moja tu ya mwisho, ni uzi wa kuvulia. Mvuvi hamwoni samaki aliye chini. Mkono wake husikia kupitia mshipi kama ni mwamba, mkondo au mdomo wa samaki, na mkono huohuo hurudisha amri ya kuvuta. Uzi mmoja hupeleka habari na kurudisha mwendo. Istilahi ugwe wa mgongo, ambayo nayo imejengwa juu ya neno la uzi, inathibitisha kwamba taswira ya kamba inayobeba ujumbe haikuwa ngeni kwa waundaji wa istilahi.

5.0 Mpaka wa mwaka 1925 na safari ya neno neva

Safari ya istilahi za kisayansi za Kiswahili haiwezi kutenganishwa na ramani ya utawala. Hadi mwaka 1925 Kismayo na eneo la Jubaland vilikuwa chini ya Uingereza, pamoja na sehemu nyingine za pwani ya Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia eneo hilo, na msururu wa visiwa vya Bajuni ukakatwa na mpaka: Wabajuni wa kusini wakabaki Kenya, wale wa Fuma, Chula na Kismayo wakawa raia wa koloni la Italia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ushindani kati ya Kiunguja na Kimvita umeandikwa sana katika historia ya usanifishaji. Lahaja za kaskazini ya mbali hazikuwa hata mshindani. Kwa upande wa Kismayo, wasemaji wake walikuwa nje ya mipaka ya kamati yenyewe. Maelezo muhimu ya kiethnografia kuhusu Wabajuni wa Somalia yalichapishwa na Vinigi Grottanelli mwaka 1955, kwa Kiitaliano. Elimu kuhusu watu hawa iliandikwa katika lugha moja ya Ulaya, na istilahi za lugha yao zikaamuliwa katika ofisi zilizotumia lugha nyingine ya Ulaya.

Baada ya uhuru pengo liliongezeka. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Katika kazi za namna hii neva lilipata hadhi ya istilahi. Lilikuwa na sifa nzuri: fupi, lenye silabi wazi, rahisi kuzalisha mfumo wa neva, neva za hisi na neva za mwendo. Hata hivyo, neno hili halikuondoa mishipa ya fahamu katika vitabu vya shule, katika vyombo vya habari wala katika majina ya huduma za hospitali, ambako hadi leo husemwa upasuaji wa ubongo, mgongo na mishipa ya fahamu. Istilahi mbili zikaishi pamoja, moja ikieleweka kwa wataalamu, nyingine kwa umma.

Katika miaka hiyohiyo, Somalia ilichukua njia yake. Mwaka 1972 Kisomali kiliandikwa rasmi kwa hati za Kilatini na kikawa lugha ya utawala, kisha ya shule. Mtoto wa Kibajuni aliyefika darasa la sayansi alijifunza mwili wake kwa Kisomali, na aliporudi nyumbani aliendelea kuutaja kwa Kibajuni. Mnamo 1991 dola ilipoanguka, Wabajuni wengi walikimbia kwa majahazi hadi Lamu, Malindi na Mombasa, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya. Huko, katika maombi ya hifadhi, lahaja yao ilichunguzwa na maafisa wa uhamiaji kwa lengo la kuthibitisha walikotoka. Kibajuni kimetumika kuhakiki asili ya mtu. Kumhudumia mtu huyohuyo kwenye chumba cha daktari ni matumizi ambayo bado hayajapewa uzito unaostahili.

Tofauti za kifonolojia si jambo la pembeni katika hili. Sauti t ya Kiswahili Sanifu katika maneno mengi ya asili hulingana na ch ya Kibajuni, kiasi kwamba mtu husemwa muchu. Kwa kanuni hiyohiyo, uti wa mgongo ungetarajiwa kuwa na umbo ambalo katika Kiswahili Sanifu lina maana ya kukosa nguo. Mhudumu aliyefunzwa Dar es Salaam au Nairobi, asiyeijua kanuni hii, anaweza kudhani mgonjwa amechanganyikiwa, kumbe ni mfumo wa sauti unaofanya kazi kwa utaratibu kamili.

6.0 Fahamu inapobaki: bunju, pepopunda na polio

Udhaifu wa istilahi mishipa ya fahamu unajitokeza katika magonjwa ambamo mfumo wa neva umeharibika huku fahamu ikiwa timamu. Mifano mitatu inahusu moja kwa moja maisha ya pwani.

Wa kwanza ni bunju, samaki anayejijaza maji na kuvimba anapotishwa. Wavuvi humtambua na humtupa, kwa sababu nyama yake yaweza kuua. Sumu yake huziba vile vilango vya sodiamu ambavyo Hodgkin na Huxley walivieleza. Utafiti wa mwaka 1964 ulibainisha namna inavyofanya hivyo. Aliyemla huanza kusikia ganzi midomoni na kwenye ulimi, kisha viungo hulegea, na katika hali mbaya misuli ya pumzi husimama. Katika muda mwingi wa mateso hayo huweza kubaki akisikia na kuelewa yanayosemwa kando yake, kwa sababu sumu haipenyi kirahisi hadi kwenye ubongo. Neva zake zimenyamaza. Fahamu yake haijanyamaza. Anayemtazama na kumhesabu kuwa amepoteza fahamu anaweza kumkatia tamaa mtu ambaye msaada wa pumzi ungemvusha.

Wa pili ni pepopunda. Sumu ya bakteria wa ugonjwa huu hupanda kupitia neva hadi kwenye ugwe wa mgongo, na huko huzuia ujumbe unaotuliza misuli. Misuli yote hukaza kwa pamoja. Mgonjwa hukakamaa, na kila mtikisiko au kelele humwongezea mkazo, naye ana akili timamu na maumivu makali. Jina lenyewe limejengwa juu ya pepo, na hivyo linaelekeza macho kwenye nguvu ya nje. Tiba inaelekeza macho kwenye jeraha, kwenye kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa chombo kichafu, na kwenye chanjo.

Wa tatu ndio mzito zaidi kwa Somalia. Virusi vya polio, vinapofika kwenye ugwe wa mgongo, huharibu seli za mwendo. Mguu au mkono hulegea, lakini ngozi yake bado inasikia mguso na maumivu. Takribani maambukizi 1 kati ya 200 huishia katika kupooza kusikotibika. Mwaka 2013 mlipuko ulioanzia eneo la Banadir ulisababisha visa 194 nchini Somalia, na virusi vilivuka mpaka hadi Kenya, katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Sehemu kadhaa za kusini zilikuwa chini ya makundi yenye silaha yaliyozuia chanjo, na watoto wengi hawakufikiwa kwa miaka.

Miongoni mwa waliohangaika na mlipuko huo alikuwa Ali Maow Maalin wa Merka, mpishi wa hospitali ambaye mwezi Oktoba 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya asili. Baadaye alijitolea katika kampeni ya polio, akiwasimulia wazazi jinsi yeye mwenyewe alivyoikwepa chanjo ya ndui na gharama aliyoilipa. Alifariki mwezi Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Silaha yake ilikuwa simulizi katika lugha ambayo wazazi waliielewa.

Ufuatiliaji wa polio duniani umejengwa juu ya dalili moja: kupooza kwa ghafla kwa kulegea kwa mtoto aliye chini ya miaka 15. Kila kisa hutakiwa kuripotiwa, na sampuli mbili za choo kuchukuliwa kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanza. Siku hizo 14 huanza kuhesabiwa kwa neno la mzazi. Mhudumu akiuliza kama mtoto amepooza, neno hili linakusanya kulegea na kukakamaa pamoja. Akiuliza kuhusu mishipa ya fahamu, mama aliyemwona mtoto akilia anapofinywa atajibu kwa haki kabisa kwamba fahamu zake ni nzima. Jibu lake ni sahihi kuhusu fahamu, na kisa kinaweza kupita bila kuripotiwa.

7.0 Maana yake kwa sera ya lugha na afya

Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Desemba 2023 na ikawa mwanachama kamili mwezi Machi 2024. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, sasa ina ndani ya eneo lake wasemaji wa Kiswahili ambao kamati ya mwaka 1930 haikuwahi kuwahesabu. Mpaka wa mwaka 1925 haujafutwa, lakini umekoma kuwa sababu ya kutowashirikisha. Kutokana na historia iliyoelezwa, mambo matatu yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza ni mgawanyo wa kazi kati ya istilahi zilizopo. Neva ibaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa haitangulizi hukumu kuhusu kazi ya kiungo. Chini yake, neva za hisi, neva za mwendo na neva zinazojiendesha zitajwe kwa kazi zake hata katika vijitabu vya umma. Mishipa ya fahamu imeshakita mizizi na kuing'oa hakuna faida. Inatosha kwamba kila inapotumika katika mafunzo ya wahudumu, ielezwe kuwa inagusa pia mwendo, na kwamba mtu anaweza kupooza huku fahamu yake ikiwa nzima.

La pili ni maswali ya kliniki na ya ufuatiliaji. Msamiati wa dalili uliorithiwa ndio daraja lililo tayari. Swali moja kuhusu kupooza ligawanywe kuwa manne: je, kiungo kimelegea, je, kimekakamaa, je, kimekufa ganzi, je, mgonjwa anatambua watu na maneno? Maswali haya hayahitaji istilahi yoyote mpya. Yanatumia tofauti ambazo lugha ilizichora zamani, nayo yanalingana na mgawanyo wa mfumo wenyewe: mwendo, udhibiti wa mkazo, hisi na utambuzi.

La tatu ni kukusanya msamiati wa mwili wa Kibajuni, kwa kushirikiana na wasemaji wenyewe huko Kismayo na visiwani, na kwa jamii zilizoko Lamu na Mombasa. Wakunga, wavuvi na wazee wanaojua kuumika na kuunga mifupa ndio wenye maneno ambayo kamusi za kusini hazikuyapata. Kizazi kilichokua visiwani kabla ya mwaka 1991 kinazeeka, na watoto wake wengi wamekulia mijini, ambako Kisomali, Kimvita au Kiingereza kina nguvu zaidi. Orodha ya maneno mia chache, yenye matamshi na maelezo ya dalili, ingemfaa mwanaleksikografia na muuguzi kwa pamoja.

Dunia imewahi kujifunza kwa njia hii. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla kutokana na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ulielezwa kitabibu Kongo mwaka 1938, na jina lake likatwaliwa kutoka kwa Wayaka, ambao walikuwa wakiutaja kwa neno linalohusu miguu iliyofungwa. Neno la wanakijiji sasa limo katika vitabu vya tiba ya neva. Lilipokelewa kwa sababu lilieleza dalili kwa usahihi.

8.0 Hitimisho

Historia ya kuutaja mfumo wa neva kwa Kiswahili inaonyesha lugha iliyotazama kwa makini kile ambacho mwili hufanya na kile kinachotokea unaposhindwa. Majina ya maumbile yalikuja kwa mkopo na kwa uundaji, kama yalivyokuja Japani mwaka 1774, na hakuna aibu katika hilo. Dosari iko kwingine: uamuzi wa kuchagua maneno ulifanywa ndani ya mipaka iliyowakata wasemaji, na istilahi iliyoenea kwa umma ikabeba fahamu na kuusahau mwendo. Kwa mtoto wa Fuma au Kismayo ambaye mguu wake umelegea tangu jana, usahaulifu huo una hesabu yake, nayo ni siku 14. Ndani ya muda huo mhudumu anahitaji kuuliza swali ambalo mama atalijibu kwa maneno aliyoyarithi.